“Power” ni nguvu, umeme au madaraka? Na “worker” ni mfanyakazi yupi hasa?

Mwalimu wa Jioni, Nkuhungu

Mbukwenyi wadau, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa mjini Dodoma. Darasani wapo mafundi, wauguzi, makarani wa ofisi za serikali na wauzaji wa Soko la Majengo. Kuna maneno mawili wanayoyaona mepesi, na hapo hapo ndipo wanapoteleza: “power” na “worker”. Kamusi ndogo wanazonunua zinawaambia “power” ni nguvu na “worker” ni mfanyakazi, basi. Wanabeba hivyo hivyo, halafu madaftari yanarudi na sentensi kama hizi:

1. My father has no power to carry the bag.
2. Yesterday our power was cut off because of rain.
3. I am a worker of the government.
4. My worker cooks very well.
5. I work hardly every day.
6. The new Regional Commissioner is in power since March.
7. Our school has many staffs.

Nazisahihisha moja moja, lakini sijapata kanuni ya kumpa mtu aondoke nayo. Naomba wanaolijua jambo hili wanisaidie. “Power” ina maana ngapi zinazotumika kweli mitaani na ofisini, na msomaji anatambuaje kuwa hapa ni ipi? Na “worker” inaachana wapi na “employee”, “staff” na “labourer”? Nahitaji mifano ya kutumia darasani, fasili za kamusi ninazo.

Mkalimani Makole

Mbukwa mwalimu. Mimi ningeanzia kwenye mzizi, maana ukishaushika, nusu ya makosa inaondoka yenyewe.

“Power” iliingia katika Kiingereza ikitokea Kifaransa cha kale, nacho kilikuwa kimerithi kitenzi cha Kilatini chenye maana ya “kuweza”. Kwa hiyo kiini cha neno ni uwezo wa kufanya jambo litokee. Misuli haimo kwenye kiini hicho. Kiswahili chetu kina “nguvu”, ambalo ni gunia kubwa, na vilivyomo ndani yake Mwingereza ameviweka kwenye mifuko minne tofauti. Anayenyanyua gunia la mahindi la kilo 100 ana “strength”. Mlango uliovunjwa kwa nguvu umevunjwa “by force”. Aliyeamka mchovu, hana nguvu za kwenda shamba, hana “energy”. Anayeweza kuamua kiwanja apewe nani, huyo ndiye mwenye “power”.

Sentensi yako ya kwanza inaanguka hapo. Mzee aliyeshindwa kubeba begi amekosa “strength”, kwa hiyo “My father isn't strong enough to carry the bag” ndiyo kauli ya kawaida. Mgonjwa akisema “I have no power”, muuguzi Mwingereza ataelewa kwamba nyumbani kwake umeme hakuna, au kwamba hana sauti katika uamuzi fulani. Mgonjwa aseme “I feel weak”.

Sasa msomaji anatambuaje? Mfundishe kuangalia majirani wa neno kabla ya kuangalia neno lenyewe. Vihusishi na maneno madogo kama “the” ndiyo yanayobadilisha kila kitu:

“In power”, bila “the” katikati, ni madarakani. Chama kiko “in power”. “Come to power” ni kuingia madarakani, “seize power” ni kuyatwaa kwa mabavu, “hand over power” ni kukabidhi.

“In my power” ni jambo lililo ndani ya uwezo wangu. “I will do everything in my power” maana yake nitafanya kila niwezalo, na hata mfagizi wa ofisi anaweza kuisema bila kujifanya mkubwa.

“Power over somebody” ni uwezo wa kumwamuru au kumtawala mtu, na mara nyingi ina harufu ya ubaya. “Power to do something” ni mamlaka au uwezo wa kutenda jambo lililotajwa.

Namba 6 ina makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni la wakati wa kitenzi: Kiingereza kinataka “has been”, kwa sababu hali ilianza zamani na bado inaendelea. La pili ndilo linalohusu mada yetu. “In power” husemwa kwa chama, serikali, au mtu aliyeshika dola nzima. Kiongozi mmoja aliyeteuliwa kushika wadhifa, awe mkuu wa mkoa, waziri au mkurugenzi, yuko “in office”. Ukisema mkuu wa mkoa yuko “in power” msikilizaji atadhani mkoa umepinduliwa. Andika “The new Regional Commissioner has been in office since March”.

Kuna moja zaidi ambayo wanafunzi wa historia huikosea mno: “colonial power”. Wanaifasiri “nguvu ya kikoloni”. Hapo “power” ni nchi yenyewe, dola inayotawala. Ujerumani ilikuwa “colonial power” hapa kwetu mpaka Vita Kuu ya Kwanza, kisha Uingereza ikashika Tanganyika. Vivyo hivyo “world power” ni taifa kubwa lenye usemi duniani. Kwa maana hii neno linahesabika, ndiyo maana utakuta “a power” na “powers”.

Kwenye hesabu halina shida: “two to the power of three” ni mbili kipeo cha tatu, yaani 8.

Fundi Umeme, Kizota

Habari zenu. Niongezee upande wa umeme, maana huko ndiko neno hili linakotumika kila siku kuliko kwingine kote, na hata wanaojua Kiingereza vizuri huchanganya.

Katika mazungumzo ya kawaida “power” ni umeme, basi. “The power is off”, “the power is back”. Lakini angalia namba 2 ya mwalimu, ina kosa ambalo Kiswahili chenyewe kinaweza kulieleza. Sisi tunatofautisha umeme *kukatika* na mtu *kukatiwa* umeme. Ukikatika, hakuna aliyekulenga wewe: nguzo imeanguka, mvua imepiga, kituo kimepata hitilafu. Hiyo ni “a power cut” kwa Mwingereza, “a power outage” kwa Mmarekani. Ukikatiwa, kuna mtu amekuja au amebonyeza kitufe kwa sababu unadaiwa, na hapo ndipo husemwa “our power was cut off”. Kwa hiyo aliyeandika “our power was cut off because of rain” anaweza kusikika kana kwamba mvua ilimkatia kama mdaiwa. Kauli iliyo wazi zaidi ni “There was a power cut because of the rain” au “The power went off”. Mgao wa umeme, ule wenye ratiba ya mitaa, ni “power rationing”. Afrika Kusini wanauita “load shedding”.

Sasa kwa anayesoma lebo ya kifaa au kitabu cha ufundi, “power” inabana maana yake. Hapo ni *kasi* ya kutumia au kuzalisha nishati, na kipimo chake ni wati. Wati 1 ni joule 1 kwa kila sekunde. Nishati yenyewe, yaani kiasi ulichokwisha kutumia, ni “energy”, na ndiyo unayoinunua kwenye LUKU. Uniti 1 ya LUKU ni kilowati-saa 1.

Mfano wa kuandika ubaoni. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 1. Taa ya wati 10 inahitaji saa 100 kula uniti hiyo hiyo. Birika la wati 2000 likichemsha maji kwa dakika 5 limekula kama sehemu moja ya sita ya uniti. Birika lina “power” kubwa, lakini “energy” iliyotumika ni ndogo kwa sababu muda ni mfupi. Mwanafunzi akiona hivyo hasahau tena.

Kosa linalojirudia hata kwenye taarifa zinazosomwa hadharani ni “megawati 80 kwa saa”. Bwawa la Mtera lina uwezo wa megawati 80, nukta. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Hizo ni “power”, na “kwa saa” haiingii, maana ndani ya wati sekunde tayari imo. Ukiizalisha megawati 80 kwa saa nzima unapata megawati-saa 80, ambayo ni “energy”. Kistari kile kati ya megawati na saa kina maana ya kuzidisha, wala hakigawanyi.

Hospawa (“horsepower”) ni ukoo huo huo. Ni kipimo kilichotokana na kulinganisha mashine na farasi, na 1 ni sawa na wati 746 hivi. Pawatila ya hospawa 15 basi ina kilowati 11 na ushee.

Na tafadhali, “power plant” siyo mmea. “Plant” hapo ni mtambo. Ni kituo cha kuzalisha umeme.

Mwalimu wa Jioni, Nkuhungu

Fundi, hiyo ya kukatika na kukatiwa nimeichukua kesho inaingia ubaoni. Mkalimani, nashukuru sana.

Swali dogo kabla hatujahamia kwenye “worker”. Makarani wangu wanauliza tofauti ya “power” na “authority”. Kwetu vyote wanaviita mamlaka. Na kwa nini sheria huandika “powers” kwa wingi?

Karani wa Sheria

Shikamoo mwalimu. Swali zuri, na bahati nzuri Katiba yetu ipo kwa lugha zote mbili, kwa hiyo unaweza kuziweka kurasa mbili kando kwa kando.

Ibara ya 8 inasema Serikali itapata “madaraka na mamlaka yake yote” kutoka kwa wananchi. Kiingereza chake ni “all its power and authority”. Hapo jozi inalingana vizuri: madaraka kwa “power”, mamlaka kwa “authority”. Lakini nenda Ibara ya 4. Kiswahili kinatumia “mamlaka” mwanzo hadi mwisho: Mamlaka ya Nchi, mamlaka ya utendaji, mamlaka ya kutunga sheria. Kiingereza kinaanza na “State authority”, kisha kikifika kwenye vyombo kinasema “executive powers”, “judicial powers” na “legislative”. Neno letu moja limegeuka mawili, na sababu ipo.

“Authority” ni haki ya kuamuru inayotambuliwa. “Power” ni uwezo wa kufanya jambo litokee, kuna haki au hakuna. Jambazi mwenye bunduki ana “power” juu yako, “authority” hana. Mwenyekiti wa mtaa ambaye hakuna anayemsikiliza ana “authority”, lakini “power” yake ndogo. Mfano huo wa watu wawili unatosha kwa karani yeyote.

“Powers” kwa wingi ni mambo mahususi ambayo sheria imemruhusu mtu au chombo kuyafanya, yanayoweza kuorodheshwa moja, mbili, tatu. Halmashauri ina “powers to make by-laws”. Polisi wana “powers of arrest”. Ofisa akifanya kisichomo kwenye orodha yake, “he has exceeded his powers”, amevuka mipaka ya mamlaka yake, na uamuzi wake unaweza kutenguliwa mahakamani. Ndiyo maana “s” ile isidharauliwe. “The director has power” inasema ni mtu mzito. “The director has powers under the Act” inasema sheria imempa mambo fulani ya kufanya, na hayo tu.

Chombo chenyewe kikipewa jina, huwa ni “Authority”, kamwe si “Power”. Wakazi wa Dodoma wanaikumbuka CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa 2017. Herufi ya mwisho ni “Authority”. “Mamlaka ya uteuzi” ile tunayoisikia kila kiongozi anapotenguliwa ni “appointing authority”. “The authorities”, kwa wingi na kwa “the”, ni wakubwa wanaohusika, serikali kwa ujumla.

Halafu ipo “power of attorney”, ambayo watu huandika vibaya kwa sababu ya neno la pili. Ni hati ambayo mtu mmoja anampa mwingine uwezo wa kutenda kwa niaba yake: kuuza kiwanja, kufuatilia mirathi, kusaini benki. “Attorney” hapo siyo lazima awe wakili. Anaweza kuwa dada yako au jirani. Ninapoifasiri naandika “hati ya uwakilishi” na kutaja jambo lililoruhusiwa, kwa sababu anayepewa hati ya kuuza kiwanja kimoja hakupewa ruhusa ya kuuza vyote. Ukiandika “nguvu ya wakili”, msomaji amepotea kabisa.

Afisa Utumishi, Area C

Nashika “worker”, kwa kuwa ndiyo mkate wetu wa kila siku ofisini.

Kimuundo ni neno jepesi: “work” ukiongeza “-er” ya mtendaji, kama sisi tunavyopata mfanyakazi kutoka kufanya kazi. Tatizo ni kwamba “mfanyakazi” kwetu linabeba kila mtu anayelipwa mshahara, kuanzia mhasibu mpaka mlinzi, ilhali Mwingereza hulitumia “worker” kwa nafasi chache zaidi. Akilitumia peke yake, bila neno la kulifafanua, mara nyingi anamwona mtu wa kazi za mikono, wa kiwandani, mgodini au kwenye ujenzi, au anawazungumzia wafanyakazi kama tabaka, mbele ya waajiri. Mei Mosi ni “Workers' Day”. Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, na kwa Kiingereza ni “peasants and workers”. Mhasibu anayejitambulisha “I am a worker” kwenye usaili hajakosea sarufi, ila amejieleza kama yuko kwenye maandamano.

Mtu mmoja mmoja ofisini ni “employee”, yaani mwajiriwa: ana mwajiri, ana mkataba. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa Kiingereza hutumia neno hilo. Wote kwa pamoja ni “staff”. Na hapa namba 7: “staff” ni kundi, kama “timu” au “jopo”. Halipokei “s” unapohesabu watu. Walimu 30 ni “a staff of thirty” au “thirty members of staff”. Kosa la “staffs” limeota mizizi kwenye barua za ofisi nyingi, na wanaoandika wamesoma. Pigania hilo, mwalimu.

Kibarua wa siku kwa siku ni “casual labourer” au “casual worker”. Mtumishi wa umma ni “public servant”, na kwa hiyo namba 3 iwe “I am a public servant”, au rahisi zaidi, “I work for the government”. Hiyo ya pili ndiyo wenyewe wanaisema wakiulizwa mtaani. Mwingereza anapenda kitenzi pale ambapo sisi tunaweka jina.

Fundi usimtafsiri “worker”. Fundi wetu ana ujuzi, na Kiingereza kinamdai autaje: “carpenter”, “mason”, “plumber”, “tailor”, “electrician”, “mechanic”. Ukijaza fomu, kwenye “occupation” usiandike “worker” hata siku moja. Anayesoma fomu anataka kazi, wewe umemwambia tu kwamba hukai bure.

Neno likipata jirani mbele yake, ndipo linapanuka na kuwa la heshima: “health worker” ni mhudumu wa afya, “social worker” ni afisa ustawi wa jamii, “aid worker” ni mtu wa shirika la misaada, “shift worker” ni wa zamu. “Farm worker” ni kibarua wa shambani. Mwenye shamba ni “farmer”. Hilo la mwisho likichanganywa kwenye barua ya mkopo, benki inamhesabu mwenye ekari 20 kuwa kibarua.

Namba 4, “my worker”, msikilizaji hatajua ni nani. Kama ni dada wa kazi, neno linalokubalika sasa ni “domestic worker”. Ndilo lililomo kwenye Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2011. Nyumbani kwa Mwingereza utasikia pia “housekeeper”. “House girl” yetu ya Tanzania inaeleweka hapa, lakini kwa mgeni inamfanya mtu mzima aonekane mtoto.

Na tahadhari kwa wanaosoma nyaraka kutoka Uingereza. Kule sheria ya ajira ya 1996 inatenganisha “employee” na “worker”. Kila “employee” ni “worker”, lakini siyo kila “worker” ni “employee”. “Worker” anapata kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki na malipo ya kupunguzwa kazini ni vya “employee”. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa madereva wa Uber walioleta shauri ni “workers”. Ukifasiri hukumu ile kwa kuandika “wafanyakazi” tu, umempotosha msomaji Mtanzania, atadhani walipewa kila kitu.

Mfuga Nyuki, Manyoni

Msisahau nyuki jamani. Kwenye vitabu vya ufugaji “worker” pekee, bila “bee”, ni nyuki kibarua. Wote ni majike, kwa hiyo Kiingereza kinasema “she”. Nimeona kijitabu kilichofasiriwa kwa “he” kote, mpaka msomaji akadhani madume ndiyo yanayoleta asali. Dume ni “drone”, na kazi yake ni kupanda malkia tu. Siafu na sisimizi ni hivyo hivyo, “workers” ni majike. Mchwa ndio tofauti, vibarua wao ni wa jinsia zote mbili, basi huko tumia “it” au “they”.

Mkalimani Makole

Afisa Utumishi amemaliza karibu yote. Nibishane naye kidogo tu kwenye “peasants and workers”. Ni kweli ndivyo Azimio lilivyofasiriwa, lakini mwalimu asiwaambie wanafunzi kuwa mkulima ni “peasant” katika mazungumzo ya leo. Lile ni neno la historia na siasa, mkulima mdogo kama tabaka. Ukimwita mtu “peasant” usoni leo, Uingereza au Marekani, umemtukana. “Smallholder” au “small-scale farmer” ndiyo ya ripoti za kilimo. “Farmer” peke yake inatosha mtaani.

Namba 5 imebaki. “Hard” ni kivumishi na kielezi pia, halihitaji “-ly”. “I work hard” ni najituma. “Hardly” ni neno jingine kabisa, maana yake “ni vigumu kusema kwamba”, “karibu hapana”. “I hardly work” ni karibu sifanyi kazi kabisa. Aliyeandika “I work hardly” kwenye barua ya kuomba ajira amejichongea, maana msomaji atayasikia yote mawili. Mchapakazi ni “a hard worker”, na hapo “worker” ni sifa kwa mtu wa cheo chochote, hata waziri. Vilevile “a good worker”, “a fast worker”. Hizi ndizo nafasi chache ambapo mhasibu wako anaweza kujiita “worker” bila wasiwasi.

Na kama unataka maneno yote mawili yakutane katika somo moja, waandikie “nguvukazi” ubaoni. Sisi tumeunganisha nguvu na kazi. Kiingereza kinalo “workforce”, watu waliopo kazini au wanaoweza kufanya kazi, na “manpower”, idadi ya watu unaohitaji kwa shughuli fulani. “We lack manpower” ni hatuna watu wa kutosha. Maofisi mengi sasa yanapendelea “workforce” au “staffing”, kwa kuwa “man” ndani ya “manpower” inaonekana kuwasahau wanawake. Ila waonye kuwa “powerful worker” haiunganishi kitu. Mfanyakazi mwenye nguvu ni “strong”, mwenye bidii ni “hard-working”, na “powerful” humwendea mwenye usemi au mashine.

Mwalimu wa Jioni, Nkuhungu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeandika upya zote saba na zimekaa sawa. Namba 4 nimeweka “Our domestic worker cooks very well”.

Jambo la mwisho: matamshi. Kwenye imla, nusu ya darasa wakisikia “worker” wanaandika “walker”. Mnawasaidiaje?

Mkalimani Makole

Hilo linatoka kwenye irabu, mwalimu, siyo kwenye masikio yao. Kiswahili kina irabu tano, na ile ya katikati ya “work” haimo. Mwanafunzi anaona “o” kwenye maandishi, anatamka “o”, na “o” ndefu ndiyo ya “walk”. Mpe kanuni ya tahajia: “or” ikifuata “w” mwanzoni mwa neno, mara nyingi sana haitamkwi “o”. Inakuwa ile sauti ya “her” na “bird”, ulimi umetulia katikati ya kinywa, midomo haikuviringwa. Waandikie pamoja “work, word, world, worm, worth, worse” wayasome kwa sauti moja. Kisha “walk, talk, chalk”, midomo imeviringwa, na “l” haitamkwi kabisa. Wape vioo vidogo wajitazame midomo. Ikiviringa kwenye “worker”, wamesema “walker”.

“Power” nayo: wengi wanasema “pawa” na inaeleweka vizuri, iache. Mwingereza wa kusini haitamki “r” ya mwisho, Mmarekani anaitamka. Chagua moja uifuate darasani. Imla uigawe mara mbili, siku ya kwanza maneno peke yake, siku ya pili ndani ya sentensi, kwa sababu “He is a good walker” na “He is a good worker” zote zina maana, na hapo ndipo utajua nani anasikia na nani anabahatisha.

Fundi Umeme, Kizota

Mwalimu, kwenye imla hiyo ongeza “The workers left when the power went off”. Ina maneno yote mawili, na asiyejua kama ni “went off” au “was cut off” utamwona hapo hapo.